Bi Saa Mbili wa Vitambaa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi naye ameingia leo. Sijui kipi kati ya hivyo viwili kitaisha kwanza.

Naandika haya kwenye chumba changu cha kushonea, ambacho mpaka jana kilikuwa changu peke yangu. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ameshona beji kwenye kiwanda cha sare miaka thelathini na moja, sasa amestaafu, na mwanawe anamjengea chumba katika mji anakofanya kazi. Chumba hicho kitakuwa tayari mvua zikiisha. Mpaka hapo yuko kwetu.

Alipofika hakuomba hata maji. Alivua viatu, akafungua droo yangu ya nyuzi, akaitazama kwa muda, akasema, "Wifi, hizi nyuzi umezipanga au zimeanguka?"

Kufika saa kumi zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Droo ya vifungo nayo imepangwa.

Jumamosi, 9 Machi

Leo amekuja mkutubi wa maktaba ya mji, ameloa chapachapa, na kazi aliyoleta sijawahi kuiota. Bi Saa Mbili anastaafu.

Niandike ni nani, ili nikija kuzeeka nikausoma mkono wangu mwenyewe nisijiulize. Ni yule mama anayesoma habari redioni kila siku saa mbili asubuhi. Jina lake analo, lakini hakuna anayelitumia. Ameanza kusoma kabla sijaolewa. Sauti yake naijua kuliko ya shangazi zangu, na bado tukipishana sokoni nitampita kama mti, kwa sababu hataki kupigwa picha. Inasemekana amewahi kumwambia mpiga picha, "Mimi nasikilizwa, siangaliwi."

Maktaba inataka sura yake, kubwa kama mlango, iliyoshonwa kwa vitambaa chakavu watakavyoleta wasikilizaji wenyewe. Itatundikwa kwenye ukumbi wa kusomea. Atakabidhiwa tarehe 27 Aprili.

Mume wangu anatengeneza redio kwenye chumba cha mbele. Aliposikia jina hilo alikuja mbio na bisibisi mkononi, akasema picha anayo. Ni kweli anayo, iko kwenye kalenda ya zamani ambayo amekataa kuibandua miaka mitatu sasa. Bi Saa Mbili amekaa mbele ya maikrofoni, ana kidoti cheusi kwenye shavu la kulia, na amevaa kisikilizio kwenye sikio la kushoto tu. Ndiyo picha pekee inayojulikana, na mkutubi alipoiona alikaa chini kwa furaha.

"Kiwandani," wifi akasema, "redio ilikuwa marufuku, isipokuwa saa mbili. Msimamizi alikuwa anazima mashine zote mia mbili. Dakika kumi. Unasikia mpaka mtu wa meza ya tatu anavyopumua." Halafu akanigeukia. "Uso niachie mimi."

Nikasema tutaona. Moyoni nilisema hapana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimechora siku nzima. Nimeipiga kalenda miraba, nikaikuza kwenye karatasi kubwa, mgongo umenikufa. Wifi kasimama juu yangu na maswali kama karani wa sensa: umepima, umehesabu miraba, umeandika namba, umeshaigeuza, umekula. Nimemjibu ndiyo kwa yote ili aniache. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 14 Machi

Vitambaa vinakuja kwa mifuko. Nesi kaleta sare yake ya kwanza. Mwoka mikate kaleta aproni ambayo nimeifua mara tatu na bado inanukia hamira. Mzee mmoja kaleta shuka la mkewe, akakataa kukaa, akasema tu, "Marehemu alikuwa hataki nimsemeshe habari zikianza." Hilo shuka nimeliweka peke yake.

Uso amechukua wifi. Sikushindwa kwa hoja, nilishindwa kwa usingizi. Nilipoamka alikuwa ameshaanza.

Lazima nikiri ana mkono. Anashona kama walivyoshona beji kiwandani: kitambaa kinalala chini, karatasi ya mchoro inabanwa juu yake upande wa nyuma, na yeye anapita na cherehani juu ya mistari ya karatasi. Kitambaa chenyewe hakioni. Kila kipande kina namba yake, na uso ameugawa sehemu sita atakazoziunga mwishoni. Mpaka ziungwe, hakuna ruhusa ya kugeuza na kuchungulia, eti kuchungulia kunaharibu mkono. Mimi ni fundi wa magauni. Nimezoea kuchora kwa chaki juu ya kitambaa na kuona ninachokikata. Kushona hivi naona kama kupika ukiwa umefumba macho.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeshona kilemba chote cha Bi Saa Mbili kwa mtindo wake huo wa nyuma, saa tano za kazi. Nimekwenda kununua sindano, nimerudi, nimekuta wifi kafumua nusu yake. "Mshono wa kivivu huo, wifi yangu. Ukitundikwa utafanya mawimbi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, kwa sababu ndani ningesema neno. Mume wangu alinikuta hapo, akaniletea mwavuli, akauliza ni nini. Nikamwambia, "Dada yako." Akarudi ndani bila kuuliza tena. Ana akili yule mwanamume.

Jumanne, 19 Machi

Nimeutazama upya ule mshono. Ulikuwa wa kivivu.

Ijumaa, 22 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Tumekaa karibu na dirisha, kila mtu na sindano yake ya mkono, mvua inapiga bati mpaka inabidi kupaza sauti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wifi hasikii vizuri sikio la kulia. Nilikuwa nimezoea kuona kwamba anauliza jambo mara mbili kwa sababu haniamini.

"Ni zile mashine," alisema. "Sikio hili liliondoka taratibu, kama mpangaji asiyetaka kuaga. Ndiyo maana nauliza uliza. Kiwandani ukisikia vibaya, beji mia tano zinatupwa."

Alinieleza alivyomlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, yeye ana miaka kumi na sita, mdogo wake ana minne. Alikuwa anamfunga mgongoni na kwenda naye kufua nguo za watu. Mume wangu hajawahi kunieleza hilo. Nilipomuuliza jioni alisema, "Nilidhani unajua," akajishughulisha na redio isiyokuwa na tatizo lolote.

Jumatano, 27 Machi

Mvua, pasi, mvua. Paji la uso limekwisha.

Jumatatu, 1 Aprili

Shavu limetushinda. Tuna kahawia za kila aina, za mapazia, za makoti ya shule, za mikoba, na kila tukiziweka karibu na picha uso unageuka ukuta. Mkutubi kaleta mbili nyingine, hakuna kitu. Mume wangu kaleta suruali aliyovaa siku aliponioa. Niliirudisha kabatini kwa heshima zote, nayo haikuwa rangi tuliyoitaka.

Baada ya chakula cha mchana wifi aliingia chumbani kwake, akatoka na koti lake la kazi la kiwandani. Ni la kahawia. Mabegani limepauka kwa jua la dirishani, kifuani limekolea, viwikoni limechakaa likawa laini. Kahawia nne kwenye nguo moja. Tulipoliweka karibu na picha, shavu lilikuwepo pale pale.

Nikamwambia, "Wifi, hili usilikate."

"Nitalivaa wapi?"

Akachukua mkasi. Mara ya kwanza alikata haraka, halafu akasimama kidogo, halafu akaendelea. Nikajifanya natafuta uzi chini ya meza.

Jumatano, 10 Aprili

Mpwa wa mume wangu, yaani mwana wa wifi, kapiga simu. Chumba kimeezekwa, kimebaki kupakwa rangi. Wifi kasema, "Vizuri mwanangu," akarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nahesabu siku za kuondoka kwake tangu mwezi wa tatu. Leo nimeacha kuhesabu, na sikumwambia mtu.

Jumapili, 14 Aprili

Tumecheka mpaka mbavu zimeniuma, kisa kifungo. Siandiki, hakitachekesha kesho.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ni siku ya kuandika sana, ingawa mkono hautaki.

Tulimaliza kuunga sehemu zote sita saa nne asubuhi. Wifi alibandua karatasi yote, akapiga pasi, akasema sasa tumuite mdogo wake. Mume wangu akafunga duka. Tukashika pembe za juu, mimi huku na wifi kule, tukainua na kugeuza.

Alikuwa hai. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Lile shuka la marehemu lilikuwa limekaa chini ya macho, mahali pa uchovu, na aproni ya mwoka mikate ilikuwa mwanga wa paji. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, kama inataka kusema saa ni mbili kamili. Wifi aliweka mkono kinywani. Miaka thelathini na moja ya beji, na hajawahi kushona mtu.

Mume wangu alitazama, akaenda chumba cha mbele, akarudi na kalenda. Akatazama huku, akatazama kule.

"Dada," akasema polepole, "mbona kidoti kimehama?"

Kidoti kilikuwa shavu la kushoto. Kisikilizio kilikuwa sikio la kulia. Kilemba kilikuwa kimefungwa upande mwingine. Uso mzima ulikuwa umegeuka, kila kitu kipo na hakuna kilichopo mahali pake.

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa kwenye kiti changu, uso umemshuka. "Mimi nashona kwa nyuma," alisema. "Karatasi ya kushonea kwa nyuma lazima ichorwe imegeuzwa. Kiwandani ilikuwa inatoka ofisi ya michoro imeshageuzwa. Sikuiangalia. Nimezeeka, jamani. Nimeiharibu sura ya watu."

Nilisema hapana, bahati mbaya, tutaona cha kufanya. Lakini kufumua na kushona upya ni wiki tano, na tuna siku saba. Alijua hivyo na mimi nilijua. Sikumlaumu kwa mdomo. Kwa moyo nilimlaumu, na niliona nimefanya jambo kubwa kunyamaza.

Jumapili, 21 Aprili

Wifi kamwambia mwanawe aje kumchukua Jumapili ijayo, kesho yake ya makabidhiano. Chumba hata hakijapakwa rangi. Kasema rangi haina haja.

Droo zangu hazijafunguliwa leo. Hajaniuliza chochote tangu asubuhi, hata kama nimekula.

Jumatatu, 22 Aprili

Ni kule kutoulizwa kulikonisumbua. Nilikuwa nimekaa hapa mchana, mvua imetulia kidogo, nikawa natafuta nilianza kuchora lini ili nimweleze mkutubi. Nikafungua daftari hili. Nikasoma ya tarehe 11 Machi.

Umeshaigeuza. Swali limo. Nimeliandika kwa mkono wangu. Aliniuliza, akanipa nafasi ya kusema hapana, na mimi nikasema ndiyo bila hata kujua nimeulizwa nini, kwa sababu nilitaka aniache. Nilidhani anauliza kama nimegeuza karatasi upande safi, kama kweli nilidhani chochote.

Nitasema ukweli hapa kwa kuwa daftari limeshaniumbua: nilifikiria kulifunga. Siku sita tu, aondoke, jambo liishe. Hakuna aliyekumbuka ila karatasi hii, na karatasi ni yangu.

Nikapiga moyo konde, nikaenda chumbani kwake. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia, "Wifi, kaa upande huu, wa sikio zima, nikusomee kitu."

Nikamsomea. Nilisoma yote ya siku ile, na karani wa sensa akiwemo. Nilipomaliza nikasema, "Uliniuliza. Nilikujibu uongo. Sura hukuiharibu wewe, niliiharibu mimi kabla hujatia hata sindano. Na juzi nikakuacha ulie."

Alilainisha nguo iliyokwisha kukunjwa.

"Sikulia," akasema.

"Ulilia, wifi."

"Basi kidogo." Halafu akasema, "Soma tena hapo pa sensa."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo ndivyo unavyoniandika."

"Mwezi wa tatu ndivyo nilivyokuandika."

"Na mwezi huu?"

Nikampa daftari asome mwenyewe. Hakuwa na miwani, akanirudishia, akaniambia niache kusimama mlangoni kama mgeni. Tukakaa kitandani wote wawili. Nikamwambia nataka abaki. Nilitaka kuongeza sababu nzuri za kazi, sikuzipata, nikasema tu kwamba nimemzoea na nampenda, na chumba kile cha kushonea kitakuwa kikubwa mno. Akasema mwanawe ameshajenga. Nikasema najua. Hatukufika popote, lakini alinishika mkono wakati wote huo.

Jumanne, 23 Aprili

Tumemweleza mkutubi. Kanawa uso kwenye bomba letu, akarudi, akasema watu wameshaalikwa na ukuta umeshatobolewa. Atatundika. Bi Saa Mbili mwenyewe tutamwambia ana kwa ana. Wifi akasema atasema yeye. Nikasema atasema aliyesema ndiyo.

Jumamosi, 27 Aprili

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inanyesha nje bila nguvu. Bi Saa Mbili ni mfupi. Hilo lilitushangaza wote, maana sauti yake ni ndefu.

Mkutubi akavuta pazia. Watu wakapiga makofi, halafu makofi yakaanza kupungua pembeni, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Kisikilizio si huwa sikio lile?" Bi Saa Mbili mwenyewe alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda mpaka karibu kabisa akasimama, ametupa mgongo. Nikamfuata.

"Mama," nikamwambia, "tumekosea. Sura imegeuka. Mchoro ni wangu mimi, niliulizwa kama nimeugeuza nikasema ndiyo, na sikuwa nimeugeuza. Wifi yangu hapa hana kosa."

Alinigeukia. Mkono wake ulikuwa shavuni, juu ya kidoti chake.

"Nani amekwambia mmekosea?" Na ilikuwa ile sauti, ya redio yetu, inasema nami. "Unajua kwa nini nimekataa kamera miaka yote hii? Kila nikionyeshwa picha yangu namuona mama mmoja simjui. Kidoti si mahali pake, jicho dogo si mahali pake. Nikawa nasema basi, watu wanadanganya, hivyo sivyo nilivyo." Akaitazama tena. "Huyu namjua. Huyu ndiye ninayepiga naye mswaki kila siku kabla sijaja kazini."

Ilichukua muda watu kuelewa. Mume wangu ndiye aliyecheka kwanza, kwa sauti, peke yake, halafu ukumbi wote. Tulikuwa tumemshonea Bi Saa Mbili wa kwenye kioo, ambaye hakuna mwingine aliyewahi kumuona.

Aligusa shavu la kitambaa kwa vidole viwili. "Hiki ni cha nani? Kimevaliwa sana."

Nikamsukuma wifi mbele. Wifi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alilikosa. Mwishowe akasema, "Ni koti langu la kiwandani. Mashine zilikuwa zinazimwa kwa ajili yako. Zote mia mbili."

"Sikujua," alisema Bi Saa Mbili. "Mle ndani hamna dirisha. Siku nyingi nilidhani nausomea ukuta."

Wakashikana mikono wale wanawake wawili, na mimi nikalia bila kujificha.

Jumapili, 28 Aprili

Mwana wa wifi kafika saa tano. Sanduku lilikuwa mlangoni tangu alfajiri, nami nilikuwa nimeshajiambia sitasema lolote mbele ya mtoto. Wifi akamkaribisha, akamlisha, akamuuliza habari za njiani mara mbili. Halafu akamwambia kile chumba akipake rangi vizuri, kwa sababu atakuja kukaa kila likizo ya shule.

"Likizo ya shule, mama? Kwani unasoma?"

"Mwalimu mkuu mmoja aliniona jana maktaba. Anataka beji za shule nzima. Wifi yako huyu hajui kuchora, utamuachaje peke yake?"

Mimi si wifi yake, ni mke wa mjomba wake, lakini hakuna aliyemsahihisha. Kijana alinitazama, akatazama sanduku, akalibeba mwenyewe kulirudisha ndani.

Jumatatu, 6 Mei

Jua. Siku ya tatu sasa bila tone. Nimeanika kila kitu chenye pindo.

Nilikuwa nimemaliza kuchora beji ya kwanza na kukaa na kikombe changu cha chai. Wifi akaivuta karatasi upande wake wa meza, akavaa miwani, akatia uzi kwenye sindano.

"Umeshaigeuza?"

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaweka kikombe chini, nikanyanyuka, nikaenda kuangalia.

Sikuwa nimeigeuza.